Kutu ya mfranjipani: fagio kabla ya bomba

Mwenye bustani akigeuza jani la mfranjipani wake na kukuta unga wa rangi ya chungwa, swali lake la kwanza huwa ni dawa gani ipigwe. Ni swali linaloeleweka, maana mti huu unapendwa: unastahimili ukame na upepo wa bahari, hauombi mbolea nyingi, na jioni harufu yake hujaa uwanja mzima. Lakini anayeanzia kwenye duka la pembejeo atarudi dukani kila masika. Kutu ni ugonjwa wenye mazoea yake. Una mahali unapokaa, una majira unayoyapenda, na una kipindi ambacho hauna pa kushika. Nionavyo mimi, anayefagia uwanja ana nguvu kubwa juu ya ugonjwa huu kuliko anayebeba bomba la dawa.

Kwanza mtu awe na hakika kwamba anachokiona ni kutu kweli. Chuma jani moja la chini, lililokomaa. Upande wa juu utaona madoa madogo ya njano; yaliyozeeka yameshakuwa ya kahawia na yana pembe pembe, kwa sababu mishipa ya jani huyazuia yasitanuke kiduara. Ligeuze. Chini ya kila doa kuna kipele, au kundi la vipele vilivyopasuka, na juu yake unga mwepesi. Pitisha kipande cha karatasi nyeupe. Kikitoka na rangi kama ya binzari, hiyo ndiyo kutu. Kisipotoka na kitu, tafuta sababu nyingine.

Na sababu nyingine ni nyingi. Upepo wa chumvi huunguza kingo za jani bila kuacha unga wowote. Utitiri hulifanya jani lipauke kwa vinukta vidogo sana. Inzi weupe na vidung'ata hunyonya utomvu na kuacha utamu unaonata, halafu juu ya utamu huo huota weusi kama masizi. Weusi huo unafutika kwa maji na sabuni, na dawa ya kuvu haitakusaidia kwa sababu mkosaji ni mdudu. Majani pia hugeuka njano yote kwa pamoja na kuanguka msimu wa ukavu, na huo ni mpangilio wa mti wenyewe. La kuogopwa kuliko yote ni tawi linalolainika, likawa jeusi na kunywea kuanzia ncha kwenda chini. Huo ni uozo wa shina, hutokea zaidi mahali panapotuama maji, na unaweza kuua mti mzima. Kutu haifanyi hivyo. Kutu hula majani tu, na mfranjipani uliokomaa huishi nayo miaka na miaka.

Hapo ndipo pa kuusimamisha uchambuzi mzima: huu ni ugonjwa unaochafua na kudhoofisha, hauui. Uamuzi wowote kuhusu pesa, sumu na jasho upimwe kwa kipimo hicho.

Kuvu inayohusika inaitwa kitaalamu Coleosporium plumeriae. Aliyeieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1902, ni Mfaransa Narcisse Patouillard, kutokana na vielelezo vya kisiwa cha Guadeloupe. Huko Karibi, pamoja na Meksiko na Amerika ya Kati, ndiko asili ya mti wenyewe. Jina lake la kitaalamu, Plumeria, ni ukumbusho wa Charles Plumier, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyezunguka visiwa hivyo mwishoni mwa karne ya 17. Mti ulisambaa mapema sana katika nchi za joto. Ukapandwa kwenye mahekalu ya Wabudha huko Sri Lanka na kwingineko Asia, ukapandwa makaburini na kwenye nyua za wakubwa wa kikoloni, na kwetu ukaingia kwenye bustani za pwani kiasi kwamba wengi hudhani ni wa hapa hapa. Kamusi zimeupa jina la msanapichi, ingawa kwa wauza miche utasikia zaidi mfranjipani.

Kuvu ilichelewa kuufuata. Kwa muda mrefu ilibaki Amerika na visiwa vyake, kisha katika miongo ya karibuni ikavuka na kuonekana Hawaii, Taiwan, India, Australia na Afrika. Nadhani sababu yake haiko mbali. Zamani mfranjipani ulisafiri kama tawi kavu lisilo na jani hata moja, na kuvu hii huishi ndani ya jani hai. Leo unasafiri ukiwa ndani ya chungu, umechanua, una majani yake yote, kwa lori na kwa ndege, kutoka kitalu kimoja hadi kingine.

Ule unga wa chungwa ni mamilioni ya spora, yaani mbegu za kuvu zisizoonekana moja moja kwa macho. Upepo huzibeba, matone ya mvua huzirusha kutoka jani hadi jani, na nguo na mikono ya mtunza bustani huzisaidia. Spora ikitua kwenye jani kavu haina la kufanya. Ikitua kwenye jani lenye umande au mvua, na unyevu ukadumu kwa saa kadhaa, huchipua na kuingia kupitia vitundu vya kupumulia vilivyo upande wa chini. Ndani ya jani huanza kufyonza chakula bila kuliua, na baada ya siku kadhaa kipele kipya hupasuka na kumwaga unga wake. Duru hiyo hujirudia tena na tena wakati wa mvua, ndiyo maana mti uliokuwa na madoa matatu mwanzoni mwa masika huwa umegeuka njano nusu yake mvua zikikaribia kwisha.

Kutoka katika maisha hayo kuna mambo mawili ambayo mwenye bustani hapaswi kuyasahau. La kwanza ni kwamba kuvu hii haiwezi kuishi muda mrefu bila jani hai. La pili ni kwamba haiwezi kuingia kwenye jani kavu. Kila hatua yenye faida inatokana na mojawapo kati ya hayo mawili.

Kabla ya kuingia kwenye hatua zenyewe, inafaa kutazama kutu iliyotufundisha zaidi, ile ya kahawa. Mwaka 1869 mtaalamu wa kuvu wa Uingereza, Miles Berkeley, akishirikiana na Christopher Broome, aliieleza Hemileia vastatrix kutokana na majani yaliyotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani. Katika muda wa miongo miwili hivi mashamba yake yalianguka na wenyewe wakahamia kwenye chai. Harry Marshall Ward, kijana aliyepelekwa huko kuanzia 1880 hadi 1882, alionyesha kwamba spora hupeperushwa na upepo na kuingia kwenye jani lenye unyevu, kwamba dawa ya kupaka nje ina maana iwapo tu imetangulia kabla ya spora kuingia, na kwamba kupanda zao moja mlima hadi mlima bila kizuizi kulikuwa ni kuutengenezea ugonjwa barabara. Miaka michache baadaye, 1885, Pierre Millardet alitangaza huko Bordeaux mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya kopa, na chokaa dhidi ya ugonjwa mwingine wa mizabibu, na kopa ikawa silaha ya wakulima kwa zaidi ya karne nzima. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Kenya wanaijua vizuri kazi hiyo ya kupulizia kopa, na gharama yake wanaijua vizuri zaidi. Nafuu ya kudumu ilikuja kwa njia ya mbegu: Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985, aina inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu kwa pamoja.

Mafunzo ya Ward yote yanafaa kwenye uwanja wa nyumbani. Hesabu ndiyo inayotofautiana. Mkulima wa kahawa akiacha kutu, anapoteza mavuno, na mavuno ni karo ya watoto. Mwenye mfranjipani akiacha kutu, anapoteza majani kabla ya wakati, maua yanapungua, na uwanja unachafuka. Hakuna kilo zinazopotea. Kwa hiyo dozi na ratiba za dawa zilizotungwa kwa ajili ya mashamba hazistahili kuhamishwa zilivyo hadi mita tatu kutoka dirisha la jikoni, kwenye uwanja ambao kuku wanachakura na watoto wanaokota maua yaliyoanguka.

Basi turudi kwenye uwanja wenyewe. Mfranjipani wa kawaida, ule wenye maua mekundu, ya waridi, ya njano au meupe yenye kiini cha njano na majani yenye ncha kali, kwa asili hupukutisha majani msimu wa ukavu. Kwa pwani yetu hutokea mara nyingi baada ya kipupwe, kabla ya mvua za vuli kuuamsha mti tena. Kipindi hicho mti unakuwa matawi matupu, na kutu haina nyumba. Huo ndio mlango ambao maumbile yameuacha wazi, na watu wengi huufunga wenyewe bila kujua kwa kumwagilia mti kila jioni kiangazi chote. Mti unaonyweshwa hivyo hubaki na majani machache mwaka mzima, mengi yakiwa ya chini na yenye madoa, na hayo ndiyo daraja linaloivusha kutu kutoka masika moja hadi nyingine. Mfranjipani uliokomaa hauhitaji maji hayo. Uache ukauke, uache upukutike. Majani machache yenye ugonjwa yakibaki mtini wakati mengine yameshaanguka, yachume kwa mkono.

Kisha yafagie yote. Kwetu kufagia uwanja asubuhi kwa fagio la chelewa ni desturi ya kila nyumba, na desturi hiyo ina thamani kubwa hapa, kwa sharti kwamba majani yaondoke kweli. Nyumba nyingi hufagia vizuri sana, halafu majani hurundikwa pembeni, mara nyingi chini ya mti ule ule au kwenye ukuta wa jirani. Rundo la majani yaliyoanguka jana bado lina unga mbichi. Fagia mapema wakati umande haujakauka, ili unga usiruke, na siku hiyo hiyo yafukie shimoni au yatie kwenye mfuko uliofungwa. Usiyatie kwenye mboji ya nyumbani ambayo haipati moto wa kutosha. Usiwatupie mbuzi pia, kwa sababu utomvu mweupe wa mti huu una sumu. Nawe vaa glavu unapochuma au kukata, na usiguse macho.

Uchumaji una kipimo chake. Mwanzoni mwa mvua, madoa yakiwa kwenye majani matano au kumi, yachume yote bila huruma. Hapo ndipo dakika chache huokoa kazi ya miezi. Lakini mti ukiwa umeshajaa kutu, kuung'oa majani yote katikati ya msimu ni kuuongezea jeraha, maana jani lenye madoa bado linaulisha mti. Hapo kusanya yaliyoanguka tu na subiri ukavu.

Jambo la pili ni kulikausha jani. Mwagilia kwenye shina, asubuhi, na usirushe maji juu ya majani jioni. Mitambo ya kurusha maji kwenye nyasi, ambayo nyumba za wenye uwezo na hoteli za pwani zinaipenda, huloweka majani ya chini kila usiku. Igeuzwe au ihamishwe. Mti uliobanwa kwenye kona kati ya kuta mbili, nyuma ya migomba, utakuwa na kutu kila mwaka hata upewe dawa gani, kwa sababu umande wake haukauki mpaka saa nne au tano asubuhi. Punguza mimea inayoubana. Ukikata matawi ya mfranjipani wenyewe ili hewa ipite, kata ukiwa hauna majani, na kata kwa kiasi: ua hutoka kwenye ncha ya tawi, kwa hiyo kila ncha unayoikata ni shada la maua ulilolipoteza mpaka chipukizi jipya likomae. Mbolea ya yurea, ambayo wengi huimwaga wakiamini wanausaidia mti mgonjwa, huleta majani mengi laini na maua machache. Samadi iliyooza vizuri mara moja kwa mwaka inatosha.

Sasa dawa. Kopa na mankozebu ni dawa za kukinga. Hukaa juu ya jani na kuizuia spora isichipue. Kilichokwisha kuingia ndani hazikifikii, na mvua kubwa huziosha. Anayeamua kuzitumia azipige majani mapya yanapofunguka, kabla ya madoa, na azielekeze upande wa chini wa jani, jambo linalohitaji bomba lenye fimbo ndefu na mtu mwenye subira. Dawa inayopigwa juu juu siku unga umeshaonekana ni pesa iliyomwagwa chini. Tena kopa haiozi. Hubaki ardhini mwaka baada ya mwaka, na ni hatari kwa samaki na viumbe vya majini, kwa hiyo nyumba yenye kisima kifupi au bwawa la samaki iiepuke kabisa.

Salfa wanaijua vizuri wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, wanaoipuliza dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na ina nguvu kiasi dhidi ya kutu pia. Shida yake kwetu ni jua. Joto likizidi nyuzi 30 na kitu salfa huunguza majani, na ikikutana na mafuta ndani ya wiki mbili, hata mafuta ya mwarobaini, huunguza zaidi. Mafuta ya mwarobaini yenyewe yana kazi nzuri juu ya inzi weupe na vidung'ata. Kwa kutu nisingeyategemea. Vivyo hivyo mchanganyiko wa soda ya kuokea na sabuni, ambao watu hupeana kwa moyo mzuri: unaweza kupunguza kidogo kwenye mche mmoja wa chungu, lakini kwenye mti wa mita nne haufui dafu.

Zipo pia dawa zinazopenya ndani ya jani, kama zile za jamii ya triazoli. Hizi zinafanya kazi, na sitaki kumficha msomaji jambo hilo. Mwenye kitalu cha biashara mwenye mamia ya miche ana hoja ya kuzitumia, kwa kupokezana na aina nyingine ili kuvu isizizoee. Kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani, ambao hautakufa, sioni sababu ya kuleta sumu ya namna hiyo karibu na vyombo, nguo zilizoanikwa na mifugo. Anayesisitiza anunue kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, au na bodi ya viuatilifu ya Kenya, PCPB, kikiwa kwenye kopo lake lenye lebo. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa isiingie nyumbani kwa bei yoyote. Watoto huokota chupa.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kupiga dawa ovyo ambayo husahaulika. Kutu ina maadui wake. Vipo viluwiluwi vidogo vya inzi wa jamii ya Mycodiplosis vinavyokula spora za kutu za aina nyingi, na zipo kuvu nyingine zinazoota juu ya kutu na kuidhoofisha, kama ilivyoonekana kwenye kahawa. Peke yao hawamalizi ugonjwa. Lakini bomba linalopita kila wiki mbili huwaondoa wao pia.

Kilichobaki ni aina ya mti, na hapa naona ndipo wenye bustani wanapokosa faida kubwa iliyo rahisi. Mfranjipani wenye majani ya ncha ya duara, mazito na yanayong'aa, maua meupe yenye kiini kidogo cha njano, ambao hubaki na majani karibu mwaka mzima, kitaalamu Plumeria obtusa, kwa kawaida hushikwa na kutu kidogo kuliko ule wa majani yenye ncha kali, Plumeria rubra. Hata kati ya mifranjipani ya ncha kali yenyewe kuna tofauti kubwa: miti miwili ya rangi mbalimbali, kwenye uwanja mmoja, chini ya mvua moja, mmoja unaweza kuwa wa chungwa mtupu na mwingine ukawa na madoa ya kuhesabika. Hakuna anayehitaji maabara kuiona tofauti hiyo. Inatosha kuzunguka mtaani mvua za masika zikikaribia kwisha, kugeuza majani ya miti ya majirani kwa ruhusa yao, na kukumbuka upi ulisimama vizuri. Kwa uwanja wenye unyevu na kivuli, ningepanda tawi la mti huo na kusahau rangi niliyoitamani.

Na upandaji wa tawi una faida yake hapa. Omba tawi wakati mti uko uchi, msimu wa ukavu. Kata la urefu wa mkono hivi, lililokomaa, liweke kivulini wiki moja au mbili mpaka utomvu ukauke na jeraha lifunge, kisha lipande kwenye mchanga usiotuamisha maji. Tawi la namna hiyo halina jani, kwa hiyo halikuletei kutu ya mwenyewe. Ukinunua mche wenye majani kutoka kitalu cha kando ya barabara, geuza majani yote kabla ya kulipa, hasa ya chini. Hata ukiwa safi, uweke mbali na miti yako kwa wiki tatu, mahali penye jua na upepo, na uangalie upande wa chini wa majani kila siku chache. Doa la kwanza likitokea humo, utachuma jani moja la mche mdogo badala ya kufagia majani ya mti mzima.